Kipimo, Muda na Saa: Uhakiki wa Mswada wa Somo la Vihisi

Mswada uliotufikia mezani ulikuwa na jina hili: Maandalizi ya Ukusanyaji wa Data kwa Sensa katika Darasa la Shule ya Msingi. Kabla hatujaufungua, ulipita mikononi mwa ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa amekuja kwetu kwa shughuli nyingine. Alisoma jina, akatikisa kichwa, akauliza kama watu wanahesabiwa tena mapema hivi, na kama safari hii madarasa ndiyo yatakayokuwa vituo vya makarani. Hakuwa akifanya mzaha. Tanzania ilihesabu watu wake tarehe 23 Agosti 2022, na neno sensa lilikaa vinywani mwa watu wote kwa miezi mingi, tangu kwa mabalozi wa mashina hadi kwa watoto waliokuwa wakiimba nyimbo za kuhimiza shughuli hiyo. Mtu yeyote mwenye Kiswahili chake timamu angelielewa jina la mswada huu kama alivyolielewa ofisa yule.

Mswada wenyewe hauhusu kuhesabu watu. Ni tafsiri ya mwongozo wa mwalimu wa darasa la tano. Unaeleza jinsi watoto wanavyoweza kujiuliza swali juu ya darasa lao, kama vile ni saa ngapi joto huzidi au ni pembe ipi yenye kelele zaidi, wakapanga namna ya kulijibu kwa vifaa vidogo vya elektroniki, wakaviacha vifanye kazi, kisha wakasoma matokeo. Nia yetu katika makala haya ni kuihakiki tafsiri hiyo upande wa istilahi zake. Hatumtaji mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa kuwa makosa tuliyoyaona tumeyaona pia katika miswada mingine, na mengine (tukiri) tumeyafanya wenyewe.

Somo la namna hii lina asili yake Uingereza. Mtaala wa kompyuta ulioanza kutumika England mwezi Septemba 2014 uliagiza kwamba watoto wa shule za msingi wajifunze, pamoja na mambo mengine, kukusanya data, kuzichambua na kuziwasilisha. Mwaka 2016 kibao kidogo cha elektroniki kiitwacho BBC micro:bit kiligawiwa bure kwa watoto wapatao milioni 1 wenye umri wa miaka 11 hadi 12. Toleo la pili la kibao hicho, lililotangazwa mwezi Oktoba 2020, liliongezewa maikrofoni na spika, na mwaka 2023 ukaanzishwa mpango wa kugawa vibao 700,000 kwa shule za msingi za Uingereza. Katika mfululizo wa masomo wa Teach Computing unaotumiwa huko, watoto wa miaka 8 hadi 9 wana masomo 6 juu ya jambo hili moja, na mwisho wake kila kundi huchagua swali lake, hupanga jinsi ya kulijibu, ndipo hukusanya data. Mpangilio huo ndio roho ya somo. Kifaa huja nyuma ya swali. Hili tumelitaja mapema kwa sababu mfasiri wetu amejitahidi sana katika majina ya vifaa, na majina ya fikra zinazotangulia vifaa ameyapita mbio.

Hata hivyo tuanze na jina la kifaa, tulimalize. Mfasiri ametohoa neno la Kiingereza sensor, akapata sensa. Kutohoa si dhambi. Kompyuta, betri, maikrofoni na data yenyewe yameingia kwa mlango huo na hakuna anayeyalalamikia. Lakini neno linalotoholewa lahitaji kiti kisichokaliwa, na kiti cha sensa kina mwenyewe. Kuna waliopendekeza kihisishi. Nacho kina mwenyewe, tena katika shule ile ile na pengine asubuhi ile ile: mtoto aliyefundishwa saa 3 kwamba loo! na salaale! ni vihisishi ataambiwa saa 5 aweke kihisishi dirishani. Wengine wanapenda kitambuzi. Neno hilo ni zuri, ila sisi tungelihifadhi kwa kifaa kinachotoa jibu la ndiyo au siyo, kama kile cha darini kinacholia pakiwa na moshi. Kifaa tunachozungumzia hapa hakitambui tu kwamba pana joto. Kinatoa kiasi chake.

Tumebaki na kihisio na kihisi. Tunachagua kihisi kwa sababu ya muundo ambao wasemaji wa Kiswahili wamekwisha kuuzoea katika majina ya vyombo: kipimajoto, kipaza sauti, kinasa sauti. Hapo pana kiambishi ki-, pana kitenzi, kisha panafuata kile kinachotendwa. Kitenzi kuhisi kina asili ya Kiarabu, nacho hakiishii kwa a. Basi muundo huo unatupatia bila taabu kihisi joto, kihisi mwanga na kihisi sauti. Kihisio kingetulazimisha kusema kihisio cha joto, na baada ya maneno matatu ya namna hiyo sentensi ya mtoto wa miaka 10 inachoka. Tumesikia pingamizi kwamba kuhisi ni kazi ya nafsi na kwamba chombo hakina nafsi. Lakini vitabu vya sayansi vinafundisha hisi tano za mwili, na mtoto anayejua kwamba ngozi inahisi joto ana pa kuanzia. Watakaocheka kwamba chombo kitahisi njaa, wacheke. Darasa lenye kicheko hujifunza vema.

Sasa tuje kwenye shina la mambo. Jina la mswada linasema maandalizi. Mwongozo wa asili unazungumzia mpango. Tofauti ya maneno haya mawili si ya kuchezea. Maandalizi ni kuhakikisha betri zina nguvu, waya ziko na meza zimefutwa. Mpango ni kuamua tunauliza nini, tutapima kitu gani ili tujibiwe, wapi, tangu lini hadi lini, na mara ngapi. Mwalimu anayesoma kichwa cha somo kinachosema maandalizi atawapanga watoto katika safu, atawagawia vibao, na ataamini kwamba amefundisha. Na ndivyo mswada unavyomwongoza kweli, kwa sababu katika ukurasa ambao asili yake inataka watoto wakae na karatasi tupu na kubishana, tafsiri inaanza kwa kusema: Andaa sensa zako. Swali la kundi limesogezwa chini, baada ya orodha ya vifaa. Neno moja limepindua somo zima.

Kosa la pili limejificha ndani ya neno zuri la kila siku, kipimo. Tumehesabu katika mswada huu maana tano za neno hilo. Mara ni chombo: shika kipimo chako vizuri. Mara ni tendo: fanya kipimo mara tatu. Mara ni namba iliyopatikana: andika kipimo katika jedwali. Mara ni kile ambacho joto huhesabiwa kwacho: kipimo chake ni selsiasi. Na mara ni kile chenyewe kinachopimwa: chagua kipimo kinachofaa swali lako. Ukiziunganisha sentensi hizi, na katika ukurasa mmoja zimekaribiana hivyo kweli, mtoto anaambiwa achague kipimo kinachofaa kipimo chake kisha aandike kipimo.

Hatumlaumu mfasiri kwa kupotoka katika Kiswahili, kwa sababu hakupotoka. Matumizi yote hayo yapo. Mgonjwa huenda kuchukua vipimo, fundi cherehani huchukua vipimo, muuza maziwa ana kipimo chake cha bati. Katika mazungumzo muktadha hututengea maana. Lakini somo hili limekusudiwa hasa kumfundisha mtoto kuzitenga maana hizo, naye hawezi kutenga kwa akili vitu ambavyo ulimi umempa kwa jina moja. Tuseme kundi limeuliza kama darasa ni la joto kuliko ukumbi. Kile wanachotaka kukijua ni joto la hewa ya darasa. Kihisi joto cha kibao cha micro:bit kimo ndani ya kichakataji chake. Kinachosomwa hasa ni joto la kichakataji, ambalo huweza kulizidi kidogo joto la hewa, na ambalo hupanda zaidi kibao kikiachwa kwenye jua la dirishani. Namba inayojitokeza, kwa mfano 31, ni kitu cha tatu. Na nyuzi za selsiasi ni kitu cha nne. Mtoto aliyeyaita yote haya kipimo ataandika kwamba kipimo cha darasa ni 31, na hakuna mwalimu atakayeweza kumwonyesha alipokosea, maana kwa lugha aliyopewa hajakosea.

Mfano wa mwanga ni mkali zaidi. Kibao hiki hakina jicho lake la peke yake. Taa zake ndogo 25, zilizopangwa 5 kwa 5, ndizo zinazotumika pia kupokea mwanga, nayo matokeo hutolewa kwa namba baina ya 0 na 255. Namba hiyo haina kizio chochote; inasema tu kwamba hapa pana mwanga mwingi kuliko pale. Mswada umeandika: kipimo cha mwanga ni 255. Tulipowasomea sentensi hiyo wenzetu watatu wa idara nyingine, mmoja alielewa kwamba mwanga huhesabiwa kwa kitu kiitwacho 255, wa pili kwamba siku hiyo palikuwa na mwanga wa 255, na wa tatu kwamba mwanga wa dunia hauzidi 255. Hakuna aliyeelewa kama ilivyokusudiwa, yaani kwamba kifaa hiki hakiwezi kuonyesha namba inayopita hapo.

Tunapendekeza yafuatayo. Chombo kiitwe kihisi, au kifaa pale ambapo maana haihitaji zaidi. Kinachohesabiwa kwacho kiitwe kizio, neno ambalo vitabu vya hisabati vimekwisha kulizoea. Kile kinachopimwa tunathubutu kukiita kipimwa, kwa mfano wa mtendwa na kitendwa ambavyo walimu wa sarufi wanavijua. Tendo lenyewe libaki kupima, nalo neno kipimo liachwe lipumzike katika somo hili. Kuhusu namba inayotolewa na kihisi, lugha ya mtaani imetutangulia: kila nyumba yenye umeme au maji inamjua msoma mita. Mita husomwa. Basi na kihisi husomwa, na kinachoandikwa ni namba iliyosomwa. Mwenzetu mmoja amependekeza kisomwa ili kiende sambamba na kipimwa. Katika orodha ya istilahi kinaweza kukaa; ubaoni, mbele ya watoto, tunapendelea namba iliyosomwa, maana inajieleza yenyewe.

Kuhusu joto tutapita upesi. Wako wanaosema halijoto, wako wanaosema jotoridi, na ugomvi huo una umri wa kutosha kuachwa uzeeke kwa amani. Sisi tunatumia halijoto. Kosa la mswada ni kutumia halijoto, jotoridi na kiwango cha joto katika ukurasa mmoja, kana kwamba vifaa vitatu vinapima vitu vitatu.

Neno muda ndilo lililotusumbua baada ya kipimo. Mswada unasema: Chagua muda. Muda mzuri ni dakika 10. Asili ilikuwa na mambo mawili: kihisi kifanye kazi tangu asubuhi hadi masomo yaishe, na katika wakati huo wote kisomwe kila baada ya dakika 10. Tafsiri imeyameza yote mawili kwa neno moja. Tufanye hesabu. Tangu saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana ni saa 6, yaani dakika 360. Namba zitakazosomwa, pamoja na ile ya mwanzo na ile ya mwisho, ni 37. Kundi lililofuata mswada huu litaendesha kihisi kwa dakika 10 basi, litapata namba 2, na litachora grafu ya joto la siku kwa nukta mbili. Mstari utakuwa mnyoofu kabisa. Watoto wataufurahia.

Wenzetu wengine wangekimbilia kuunda jina: mwachano, kitengo cha muda, urudiaji. Hapa tuna neno la kusema juu ya ugonjwa wa kazi yetu. Sisi wa istilahi tumezoeshwa na lugha tunazozifasiri kudhani kwamba kila fikra lazima ipewe jina, ilhali Kiswahili aghalabu hufikiri kwa kitenzi. Kihisi kisome kila baada ya dakika 10, tangu saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana: sentensi hii haina istilahi hata moja mpya, na hakuna mtoto atakayeikosea. Pingamizi litakuja kwamba katika programu ya kompyuta pana kisanduku ambamo namba hiyo hujazwa, na kisanduku kinahitaji jina. Kiandikwe Kila baada ya. Lebo si lazima iwe nomino.

Tumesema saa 2:00 asubuhi, na hapo ndipo mswada ulipotuacha hoi. Mfasiri ameandika kwamba joto lilikuwa la chini saa 8:00 asubuhi na la juu saa 14:00 mchana. Katika Kiswahili hakuna saa 8 asubuhi. Iko saa 8 ya mchana na iko saa 8 ya usiku, na mtoto akilazimika kuchagua atachagua ile ya mchana. Saa 14 haipo kabisa. Grafu ya mfano iliyoambatanishwa ina mstari wa chini wenye 08:00, 10:00, 12:00 na 14:00, bila maelezo. Mtoto wa Morogoro atakayeisoma kwa saa za nyumbani kwao ataona kwamba palikuwa na baridi saa 8 mchana, na kwamba saa 12, jua linapozama, joto lilikuwa limekaribia kilele. Ataona jambo asilowahi kuliona maishani mwake, na ataliamini kwa kuwa limechapishwa. Siku yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halichezi mbali na saa hiyo mwaka mzima. Ndiyo maana hesabu hii imedumu. Anayefasiri saa bila kuitafsiri anakosea kwa saa 6 kamili, na kosa la saa 6 katika somo la kukusanya data si kosa la lugha peke yake.

Dawa yake ni nyepesi, nayo imo ndani ya kifaa chenyewe. Micro:bit haina saa ya ukutani ndani yake. Kinachohifadhiwa kando ya kila namba iliyosomwa ni wakati uliopita tangu kuanza, kwa sekunde, dakika au saa, kama programu ilivyoagizwa. Mstari wa chini wa grafu ungeweza basi kuandikwa dakika tangu kuanza, na ugomvi wa saa za Kizungu na saa za Kiswahili ukaisha hapo hapo, kwa sharti moja: watoto waandike katika karatasi ya mpango kwamba tulianza saa ngapi, kwa saa wanazozijua. Tulilitafuta swali hilo katika karatasi ya mpango ya mswada, hatukuliona. Kundi litakalotumia karatasi hiyo litakuwa na namba 37 safi zisizo na siku wala saa.

Hapa tungependa kulitetea neno moja la zamani. Hifadhi ya namba zilizosomwa pamoja na wakati wake, Waingereza huiita log, neno lililoanzia kwa kipande cha gogo kilichotupwa majini kupima mwendo wa merikebu, likahamia kwenye daftari ambamo mwendo huo uliandikwa. Mfasiri ametohoa, akapata logi. Mabaharia wa pwani yetu hawakungoja kompyuta ili walijue jambo hili. Wanalo neno batli kwa kumbukumbu ya mwendo wa chombo. Batli ya joto, batli ya mwanga, kutia batli kila baada ya dakika 10. Tunajua kwamba walimu wengi wa bara hawajalisikia. Lakini neno lisilojulikana na wengi likifundishwa mara moja hujulikana, na hili lina faida ya kuwa limekwisha kufanya kazi hiyo hiyo baharini.

Isidhaniwe kwamba mswada hauna sifa. Amri zake kwa watoto ni fupi na zina uhai. Neno bashiri limetumika vizuri pale watoto wanapoambiwa waseme wanachotegemea kabla ya kupima. Tungeliogopa tabiri, ambalo linavuta mawazo ya waganga na ya hali ya hewa. Na mahali pamoja mfasiri amefanya jambo ambalo wengi wangeliogopa. Mwongozo wa asili ulikuwa na swali juu ya vipasha joto vya darasani vinavyozimwa usiku. Mfasiri ameliondoa, akaweka hili: mvua ikinyesha juu ya paa la bati, ni wapi darasani sauti ya mwalimu inamezwa kwanza? Kila aliyefundisha chini ya bati analijua swali hilo kwa koo lake. Ni kweli kwamba kihisi sauti hakiwezi kulijibu peke yake, kwa sababu hujumlisha sauti ya mvua na ya mwalimu katika namba moja. Itabidi watoto wapime kabla ya mvua na wakati wa mvua, mwalimu akisema na mwalimu akinyamaza. Lakini hapo ndipo wataona maana ya kupanga. Tumesikitika tu kwamba kurasa nne mbele kile kipasha joto kimesahaulika katika jedwali, kikizimwa saa 10 jioni katika shule ambayo haikuwahi kuwa nacho.

Tumebakiza barua. Mwishoni mwa mswada iko barua ya mfano ambayo mwalimu mkuu atawapelekea wazazi. Inasema: Wanafunzi watarekodi sauti darasani kwa siku nzima na data zao zitahifadhiwa katika kompyuta. Tulimsomea mwalimu mmoja mstaafu ambaye hututembelea mara kwa mara. Alituomba tuirudie. Kisha akasema, Wanangu, mimi nikiletewa barua hii, mjukuu wangu siku hiyo atashinda nyumbani.

Ana haki. Katika Kiswahili cha leo kurekodi sauti ni kunasa maneno, kama redioni. Programu ya somo hili hainasi neno lolote. Inasoma ukubwa wa sauti tu, namba moja kila baada ya dakika kadhaa, na kutokana na namba hizo hakuna awezaye kujua nani alisema nini. Kosa limezaliwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana mbili, kuandika na kunasa, ambacho mfasiri amekitohoa bila kuuliza ni maana ipi iliyokuwa ikitumika. Hapa ni kupima ukubwa wa sauti na kuandika namba.

Neno zao nalo lina hatari yake. Data zao ni zile walizozikusanya, au zile zinazowahusu? Lugha yetu inaruhusu yote mawili, na mzazi atasoma ile inayomtisha. Isitoshe, hapa tumeingia katika eneo lenye sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imechagua neno taarifa kwa kile ambacho watu wa kompyuta hukiita data. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina takwimu zake. Mtaala una data. Katika darasa tunakubali kwamba data ni namba ghafi kama zilivyosomwa, na taarifa ni kile tunachokielewa baada ya kuzipanga. Lakini mzazi akiletewa barua hana darasa mbele yake. Ana sheria, na maneno ya barua yafuate sheria.

Wala tusidhani kwamba suala hili ni la maneno matupu. Kihisi sauti kikiwekwa katikati ya darasa, kinapima darasa. Kikiwekwa juu ya meza ya watoto wanne, na orodha ya nani anakaa wapi ikiwa imebandikwa ukutani, kinawapima wale wanne, na namba kubwa ya saa 4 asubuhi itakuwa na jina la mtu hata kama hakuna aliyeliandika. Karatasi ya mpango inauliza kihisi kitakaa wapi. Mswada umetafsiri swali hilo kama mahali pazuri pa kuweka sensa, na umetoa jibu moja: karibu na soketi. Tumelirekebisha lisomeke: Kihisi kitakaa wapi, na hapo kitakuwa kinapima nini au kinampima nani?

Barua tumeirudisha kwa mfasiri ikiwa imeandikwa hivi: Tarehe iliyotajwa hapo juu, wanafunzi wa darasa la tano watapima ukubwa wa sauti darasani mwao, tangu saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Kihisi kitasoma namba moja kila baada ya dakika 10. Maneno ya mtu hayatanaswa, na hakuna taarifa binafsi ya mtoto yeyote itakayokusanywa. Namba zitakazosomwa zitatumika katika somo la wiki ijayo, kisha zitafutwa. Mzazi anayetaka kukiona kifaa anakaribishwa shuleni siku hiyo.